Hesabu yenye kufungiwa haitusaidie: maneno yetu kwa wanafunzi



Aksanti kwa kuja, hata kama umeme umekatika tangu asubuhi. Tutasema kwa kifupi, juu batri za wengi ziko karibu kuisha.

Hii hadithi munaijua. Mwalimu anatoa kazi ya matrisi na grafiki, anasema: tumieni MATLAB. Leseni inalipwa kwa dola, na mwanafunzi hata minerval hajamaliza. Basi ananunua mtaani fulashi yenye kopi ya wizi. Mwenzetu mmoja aliingiza virusi kwa njia hiyo. Kazi yake ya mwisho ikapotea yote, siku chache mbele ya kuitetea.

Tuseme ukweli: hata sisi tulikuwa na kopi kama hizo. Mchana tunaandamana kukataa wizi wa mali ya raia, usiku tunafungua programu ya wizi. Tuliona haya. Tukazifuta.

Njia nyingine iko. Inaitwa GNU Octave. Wazo lake lilizaliwa karibu mwaka 1988 kule Marekani, kwa kusaidia wanafunzi wa kemia ya viwanda waliokuwa wanapoteza wakati kutafuta makosa ndani ya Fortran. John W. Eaton alianza kuiandika kwa nguvu mwaka 1992, toleo 1.0 likatoka Februari 1994. Jina si la muziki. Ni la profesa Octave Levenspiel, aliyejulikana kwa kupiga hesabu za haraka.

Lugha yake inafanana sana na ya MATLAB. Uko na mfumo wa ekwesheni? Andika A\b, jibu linatoka. Ukiisha kuiingiza, haiombi intaneti. Na "huru" haimaanishi bure tu: uko na haki ya kuitumia, kuangalia ndani namna inavyohesabu, kuirekebisha, na kumpa mwenzako.

Tusidanganyane. Simulink haina mwenzake ndani ya Octave. Kwa kazi ya namna ile, jaribuni Xcos, iliyo ndani ya Scilab. Hiyo ilianzia INRIA, Ufaransa, na maelezo yake yako pia kwa Kifaransa.

Lakini kwa nini sisi, watu wa barabarani, tunasema mambo ya programu? Juu kila siku tunaambia viongozi: onyesheni hesabu. Kesho tukipeleka hesabu ya siku ambazo bomba la mtaa lilikauka, watasema tumeitunga. Hapo tutawapa faili yenyewe. Mwenye mashaka airudilie kwa kompyuta yake, bila kununua kitu. Hesabu ambayo mwingine hawezi kuikagua, anaombwa kuiamini tu. Na kuamini tu, tumeshachoka.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

– Walimu: pokeeni kazi zilizofanywa na Octave au Scilab.
– Wakubwa wa vyuo: wekeni programu hizi kwa kompyuta zote za wanafunzi.
– Sisi wenyewe: kila mmoja aipeleke kwa wenzake watatu, na akae nao mpaka hesabu ya kwanza itoke.

Fulashi ziko hapa mbele. Safari hii, kukopi si wizi.

Inchi ni yetu. Na hesabu zake ni zetu.