Ruzuku ya Bili na Joto Linalotoroka

Agosti 2022, Ofgem, msimamizi wa soko la nishati Uingereza, ilitangaza kwamba kikomo cha bili ya mwaka kwa nyumba ya kawaida kingepanda hadi pauni 3,549, kutoka 1,277 mwaka mmoja tu nyuma. Serikali ikaingilia kati, ikatoa ruzuku ili bili ya nyumba hiyo ibaki karibu pauni 2,500. Ilisaidia, hakuna ubishi. Lakini fedha hizo zilinunua gesi, na sehemu kubwa ya joto lake ilipotelea nje. Nyumba nyingi za huko ni kuukuu: kuta za matofali matupu, dari lisilofunikwa kitu, upepo unaopenya chini ya mlango huku boila ikiunguruma usiku kucha.

Ukipendekeza fedha zielekezwe kwenye kuzikarabati zisivujishe joto, watasema mwenye baridi leo hawezi kungoja fundi wa mwakani. Kweli, na ndiyo maana ruzuku ya dharura isifutwe, hasa kwa wazee. Ila kutandaza darini sufi ya madini, inayozuia joto lisitoroke, ni kazi ya siku moja, na nafuu yake hudumu miaka mingi. Pingamizi zito zaidi linahusu nyumba za kupanga: mwenye nyumba ana sababu gani ya kugharamia ukarabati ambao faida yake inaingia mfukoni mwa mwingine? Hapo ushawishi hautoshi, inatakiwa sheria. Na serikali yenyewe nayo! Mpango wake wa ruzuku za ukarabati, uliozinduliwa 2020, ulifungwa Machi 2021, kabla hata mafundi hawajajipanga. Bei ya gesi ilipopaa miezi michache baadaye, ilizikuta nyumba vilevile.