Gundi ya Vigae: Kukauka Siyo Kushika

(Mazungumzo na wananchi wa Viwanja Sitini, Ifakara)



Siku hizi wengi wetu tukishauza mpunga tunafikiria kuweka vigae sebuleni. Ni jambo jema. Lakini vigae vikibanduka, fedha ya mavuno imepotea. Basi leo tuzungumze juu ya gundi.

Gundi hii ya mfuko ni saruji, mchanga laini na dawa kidogo. Watu husema, "Iache ikauke, itashika." Sivyo. Saruji haishiki kwa kukauka. Inashika kwa kuungana na maji. Ndiyo maana hugeuka jiwe hata ikiwa ndani ya maji. Maji yakiitoka mapema, inabaki dhaifu.

Sasa tazameni. Fundi amepaka gundi sakafuni. Joto ni kali, upepo unapita mlangoni. Maji ya juu yanapotea hewani, na sakafu kavu inanyonya ya chini. Dawa iliyomo inajikusanya juu na kufanya utando, kama ule wa uji uliopoa. Chini gundi ni mbichi bado, lakini juu hainati tena. Kigae ukikiweka hapo kinakaa juu ya utando tu. Leo kinapendeza. Baadaye ukikigonga kinalia ko-ko-ko. Chini kuna uwazi.

Mtauliza, tutajuaje? Gusa gundi kwa kidole. Ikinata kidoleni, weka kigae. Kidole kikitoka kisafi, ikwangue, itupe, paka nyingine. Usinyunyize maji juu ya utando. Hayarudishi nguvu yake. Wala usiongeze maji kwenye ndoo gundi ikianza kuwa ngumu.

Fuateni haya:

1. Fagia vumbi. Lowanisha sakafu kidogo, maji yasituame.

2. Paka kama mita moja ya mraba tu, uifunike kwa vigae, ndipo uendelee. Gundi nyingi hungoja kama dakika 20 mahali pasipo joto wala upepo. Kwetu wakati wa kiangazi haingoji hivyo.

3. Fanya kazi asubuhi au jioni. Ziba jua na upepo.

4. Bonyeza kigae sana. Mara mojamoja inua kimoja, utazame mgongo wake. Uwe umejaa gundi.

5. Msikanyage kwa saa 24.

Mama mwenye nyumba, usione haya kumwambia fundi, "Hebu gusa kwanza." Fundi akimaliza ataondoka. Sakafu utabaki nayo wewe.