Anayeichunguza halmashauri, nani amchunguze?

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu amekutana nalo kwa namna moja au nyingine, nalo ni malalamiko. Sizungumzii manung'uniko ya kijiweni, ambapo watu husema yao juu ya kikombe cha kahawa kisha kila mmoja akashika njia yake. Nazungumzia malalamiko yaliyoandikwa, yakatiwa sahihi na kupelekwa ofisini dhidi ya serikali za mitaa.

Tuchukue mfano wa Nyashimo, mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Mwaka 2012, wakati mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa na wilaya ya Busega nayo ikazaliwa, Nyashimo ndipo palipowekwa makao makuu ya wilaya. Wilaya ikija huja na halmashauri, na halmashauri huja na mkurugenzi, wakuu wa idara, wapima viwanja na wakusanya ushuru. Shamba la mihogo la jana leo linaitwa kiwanja, na kina bei. Hayo ni maendeleo na hakuna anayeyapinga. Lakini penye viwanja, vibali na ushuru hapakosi mtu aliyepunjwa, au anayeamini kwamba amepunjwa.

Tuseme basi kuna mama mjane katika mji kama huo, ambaye amesikia kuwa kiwanja chake amegawiwa mtu mwingine. Anaanza kwa mtendaji wa kata. Mtendaji anamwelekeza idara ya ardhi. Idara ya ardhi wanasema faili halionekani, arudi Jumatatu. Jumatatu mhusika yuko semina. Mama anapanda ngazi hadi kwa mkurugenzi, kutoka hapo kwa mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya anamwandikia mkurugenzi alishughulikie suala hilo. Mkurugenzi naye anaandika pembeni mwa barua: idara ya ardhi, tafadhali shughulikia. Baada ya miezi sita na nauli isiyo na idadi, malalamiko yamerudi kwenye meza ile ile yalikoanzia. Wahenga walishasema, kesi ya ngedere ukimpelekea nyani usitegemee hukumu ya haki.

Ni kwa sababu ya mzunguko wa namna hiyo nchi nyingi ziliamua kuwa na mtu, au tume, iliyo nje ya ofisi inayolalamikiwa, ambayo kazi yake ni kupokea malalamiko ya raia, kudai mafaili, kuwahoji maofisa na kusema nani kakosea. Waswidi walianza mwaka 1809, na neno lao, ombudsmani, limeenea duniani kote.

Sisi Tanzania hatukuwa nyuma. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, nayo ikaanza kazi mwaka 1966 chini ya mwenyekiti wake wa kwanza, Chifu Erasto Mang'enya. Inatambuliwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Wazee wanaikumbuka ikizunguka mikoani, ikifanya mikutano na kuwasikiliza watu kwa mdomo, wasiojua kusoma kwa haki sawa na wanaojua. Iliweza kumchunguza mtumishi wa serikali, wa chama, wa shirika la umma na hata wa serikali za mitaa. Kwa nchi iliyokuwa na chama kimoja, hilo halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo, Tume ile ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Ilipomaliza uchunguzi, taarifa yake ilikwenda kwa Rais, na Rais ndiye aliyeamua la kufanya. Rais mwenyewe hakuweza kuchunguzwa. Kwa maneno mengine, malalamiko yalitoka chini yakapanda juu, na majibu yakategemea huruma ya huko juu. Akiwepo kiongozi msikivu, mnyonge alipata haki yake. Lakini haki inayotegemea tabia njema ya mtu mmoja ni sawa na kibanda cha nyasi, kinafaa mpaka mvua inyeshe.

Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 na sheria ya mwaka 2001 yakaifuta Tume ile na kuleta Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Jaji Robert Kisanga. Hii ndiyo tuliyonayo mpaka leo. Ukisoma Katiba, ibara ya 130, utaona imeandikwa kuwa Tume hii ni huru na hailazimiki kufuata amri ya mtu yeyote. Msomaji anafurahi. Kisha anashuka mstari unaofuata na kukuta kwamba uhuru huo haumzuii Rais kuipa Tume maagizo, pale atakaporidhika kuwa maslahi ya taifa yanahitaji hivyo. Mkono wa kulia umetoa, mkono wa kushoto umebakiza kamba.

Sasa tuangalie kamba hiyo na nyingine kama hizo zinavyofanya kazi. Ng'ambo kidogo tu ya Simiyu, katika wilaya ya Serengeti mkoani Mara, kuna mahali panaitwa Nyamuma. Mwaka 2001 wakazi wa hapo waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto, kwa maelezo kuwa eneo hilo ni la pori la akiba. Wanakijiji 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walipeleka malalamiko yao kwenye Tume. Tume ilifanya kazi yake. Iliwasikiliza wananchi, ikawasikiliza na viongozi wa wilaya, na Desemba 2004 ikatoa uamuzi kwamba haki za watu wale zimevunjwa, ikapendekeza walipwe fidia.

Serikali ikakataa kutekeleza. Kesi ikaenda mahakamani, na swali likawa jepesi kulitamka lakini zito kulijibu: je, pendekezo la Tume ni amri, au ni ushauri tu wa kupokelewa na kuwekwa kabatini? Mahakama Kuu haikuwapa wanakijiji walichotaka. Ilichukua mpaka mwaka 2008 ndipo Mahakama ya Rufani ikasema kuwa mapendekezo ya Tume yanaweza kupelekwa mahakamani ili yatekelezwe. Miaka saba ilikuwa imepita tangu moto uzimike Nyamuma. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake siku ile alikuwa tayari yuko darasani.

Kuna kamba nyingine isiyohitaji hata amri. Mwanzoni mwa mwaka 2018 muda wa makamishna wa Tume ulikwisha. Hawakuteuliwa wengine mpaka Septemba 2019, alipotangazwa mwenyekiti mpya, Jaji mstaafu Mathew Mwaimu. Katika kipindi chote hicho majengo yalikuwepo na watumishi walikuwepo, lakini waliopewa na sheria mamlaka ya kuamua hawakuwepo. Hakuna aliyevunja sheria kwa kelele. Kiti kilikaa kitupu tu, na kiti kitupu hakimwoni mwenye makosa.

Wapo watakaosema kuwa dawa yake ni kuipa Tume uhuru kamili, tukaishia hapo. Mimi naona hilo ni nusu ya dawa, na nitaeleza kwa kutumia mfano wa Uingereza.

Kule England, sheria ya mwaka 1974 iliweka wachunguzi maalumu wa malalamiko dhidi ya halmashauri peke yake. Kwa miaka kadhaa ilibidi malalamiko yapitie kwa diwani, mpaka mwaka 1988 sheria iliporuhusu mwananchi kwenda mwenyewe moja kwa moja. Mchunguzi huyo hawezi kuilazimisha halmashauri. Lakini akiikuta na makosa na kutoa taarifa kamili, halmashauri inatakiwa kutangaza magazetini kwamba taarifa hiyo ipo na kuiweka wazi ili raia yeyote aisome, kisha ndani ya miezi mitatu iseme imechukua hatua gani. Ikiendelea kukaidi, inaweza kulazimika kuchapisha katika gazeti la eneo lake maelezo ya kosa lake na sababu za kukataa, kwa fedha zake yenyewe. Kwa wanasiasa wanaotafuta kura, hiyo ni bakora inayouma.

Lakini hata huko raia hawakuridhika, na manung'uniko yao yana mafunzo kwetu. Wakosoaji wamelalamika kwamba baadhi ya walioteuliwa kuwa wachunguzi walikuwa wamewahi kuwa watendaji wakuu wa halmashauri, hivyo wanawaelewa zaidi maofisa kuliko wanavyomwelewa mlalamikaji. Wamelalamika pia kwamba mchunguzi akikataa malalamiko yako, njia iliyobaki ni kwenda Mahakama Kuu, na mtu wa kawaida hana fedha za wakili. Wanauliza swali ambalo sisi pia hatuna budi kuliuliza: huyu tuliyempa uhuru ili awachunguze wengine, yeye anawajibika kwa nani?

Ndugu wasikilizaji, uhuru na uwajibikaji si maadui. Uhuru maana yake hakuna mkubwa wa kumwambia mchunguzi: faili hilo lifunge. Uwajibikaji maana yake ni kwamba akilifunga kwa hiari yake, lazima aseme kwa nini, na aseme hadharani. Mchunguzi asiye huru ni tarishi wa wakubwa. Mchunguzi huru asiyewajibika anaweza naye kulala na faili la mjane miaka minne, na hakuna wa kumwamsha.

Majirani zetu wa Uganda wana Inspekta Mkuu wa Serikali tangu mwaka 1986. Katiba yao ya mwaka 1995 inasema ofisi hiyo iko huru na inawajibika kwa Bunge tu, na inapeleka taarifa Bungeni angalau kila baada ya miezi sita. Sisemi kwamba Uganda hakuna rushwa wala uonevu. Ninachosema ni kwamba Katiba yao imejibu swali letu waziwazi.

Sisi tunaweza kuanza bila kusubiri Katiba mpya. Sheria yetu yenyewe inaitaka ofisi iliyopelekewa mapendekezo ya Tume kujibu katika muda usiozidi miezi mitatu. Basi jibu hilo lisiishie kwenye bahasha. Tume inapoikuta halmashauri yoyote na kosa, taarifa yake isomwe katika kikao cha wazi cha baraza la madiwani, mbele ya wananchi na waandishi wa habari, na mkurugenzi asimame aeleze atafanya nini na lini. Hesabu za halmashauri hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi wajieleze. Kama shilingi inaulizwa hadharani, kwa nini haki isiulizwe hadharani?

Na Tume nayo itoe hesabu yake. Kila mwaka itangaze, wilaya kwa wilaya, kwamba imepokea malalamiko mangapi, mangapi yamekwisha, mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani, na lile la zamani kuliko yote lina umri gani. Asomewe mtu wa Busega habari za Busega. Takwimu ya taifa zima haimwambii mtu kama barua yake imefunguliwa.

Wasukuma walikuwa na dagashida, mkutano ambapo jambo lilizungumzwa mbele ya watu wote, na mkubwa akasikia yanayosemwa juu yake. Tume, ibara na kanuni ni vyombo vya kisasa vya kazi ile ile. Tukivifungia ndani ya mafaili ya siri, tumevipa majina makubwa na kuvinyima kazi.

Madiwani tunawachagua sisi. Safari ijayo mmoja wao atakapopanda jukwaani kuomba kura, tusimwulize juu ya barabara na visima peke yake. Tumwulize pia: halmashauri yako ikikutwa na kosa, utakubali taarifa hiyo isomwe mbele yetu? Jibu lake litatuambia mengi juu ya mtu tunayetaka kumpa kura.

Mpaka wiki ijayo panapo majaliwa, kwaherini.