Serikali Ikisema Haina Fedha

Mwaka 1997 neno “jinsia” lilitiwa katika kifungu cha 82 cha Katiba ya zamani, lakini ndoa, talaka na urithi vikaachwa nje ya ulinzi huo. Katiba ya 2010 iliuziba mwanya ule kwa sehemu kubwa, ikamhakikishia mfanyakazi haki ya kugoma, na wananchi wote haki ya afya, makao na maji safi.

Twaambiwa fedha hazipo. Basi na tusome kifungu cha 20(5): ni Serikali inayopaswa kuithibitishia mahakama kwamba hazipo, wala si mama aliyekosa dawa. Tena kuifungua kesi hiyo hakutozwi ada. Anayerudishwa mlangoni mwa zahanati na aandike tarehe na jibu alilopewa. Hayo ndiyo tutakayoyapeleka mbele ya jaji.