MKONO WA MFANYAKAZI USINGOJE NUSU KAPUTI



Mkulima aliyekatwa kano za vidole kwa panga hufika hospitali akaambiwa asubiri. Daktari yupo, uzi upo. Asiyekuwapo ni mtaalamu wa usingizi, au yupo lakini anahudumia mama anayejifungua kwa operesheni. Hapana awezaye kulaumu uamuzi huo. Lakini siku zinapita, kano zinajivuta, na mkono uliokuwa ukilisha jamaa nzima unakakamaa.

Njia nyingine ipo. Mgonjwa huchomwa ganzi ya lignokaini iliyochanganywa na adrenalini, sehemu moja katika laki moja, hapo hapo patakapopasuliwa. Kisha daktari hungoja kiasi cha nusu saa. Adrenalini hubana mishipa, damu hupungua, na ule mpira wa kufunga mkono, ambao maumivu yake ndiyo yaliyolazimisha nusu kaputi mara nyingi, hauhitajiki tena. Mgonjwa yu macho. Kano ikishashonwa huambiwa, "Kunja kidole, sasa nyosha," na daktari huona mwenyewe kama mshono umeshika, kabla hajafunga ngozi. Aliyelazwa usingizi hawezi kutoa jibu hilo.

Kwa nini basi jambo hili lilichelewa? Kwa sababu vizazi vya madaktari vilifundishwa kwamba adrenalini ikiingia kidoleni, kidole hufa. Fundisho hilo lilitokana na visa vya kale, vingi vya kabla ya 1950, enzi za ganzi ya prokaini, ambayo ilikuwa na tindikali na ilizidi kuwa kali kadiri ilivyokaa ghalani. Prokaini iliachwa, katazo likabaki vitabuni, likakaririwa darasani kama yanavyokaririwa mengi mengine (walimu mtanisamehe). Hiyo ndiyo kasumba. Mwaka 2005 Dakta Donald Lalonde wa Kanada na wenzake walitangaza hesabu ya wagonjwa 3,110 waliochomwa adrenalini mikononi na vidoleni: hakuna hata mmoja aliyepoteza kidole. Tena ipo fentolamini, dawa ya kutengua adrenalini endapo kidole kitabaki cheupe.

Wenzetu wa Ghana wamekwisha kuanza. Katika Hospitali ya Komfo Anokye, mjini Kumasi, kilianzishwa chumba maalumu ambamo wagonjwa wa mkono hupasuliwa kwa ganzi tu, bila kulazwa.

Si kila jeraha litafaa. Mtoto mdogo bado atahitaji usingizi, na kipimo cha lignokaini yenye adrenalini hakipaswi kuzidi miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Basi ninyi mnaoandika oda za dawa za wilaya, ulizeni kwanza stoo: lignokaini iliyopo ni ile yenye adrenalini, au ile tupu? Na fentolamini je, imewahi kuagizwa?