Reli Nyembamba Itokayo Pwani

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wazee na vijana, Mweiga



Mmeniomba nieleze habari za safari yangu ya Nairobi, nilikokwenda kuliona Jumba la Makumbusho ya Reli. Huenda mtu akauliza: sisi watu wa Mweiga, ambao gari la moshi halipiti hapa kwetu, tuna shauri gani na injini kuukuu? Nitajibu kwa kueleza kwanza ni nani aliyenituma.

Aliyenituma ni baba mdogo, mzee mnayemwona ameketi pale karibu na mlango. Tarehe 24 Aprili, 1954, ilipoanza Operesheni Anvil, alikuwa kijana afanyaye kazi Nairobi. Alikamatwa pamoja na maelfu ya watu wa kwetu, akatiwa katika behewa lenye wavu wa waya madirishani, akashushwa Manyani, katika nyika iliyo baina ya Voi na Tsavo, kando ya reli ya Mombasa. Baadaye aliwekwa katika kikosi kilichofanya kazi karibu na njia hiyo. Siku moja ikapita polepole injini mpya, nyekundu kama damu ya mzee, ndefu kuliko zote alizopata kuona, nayo ilikuwa na kibao cha jina ubavuni. Baba mdogo alijua kusoma. Kibao kilisema "Mount Kenya." Aliporudi kambini akawaambia wenzake kwamba mlima wetu umepita ukivuta mabehewa. Walimcheka, wakasema jua la Manyani limempanda kichwani.

Basi aliposikia kwamba nakwenda Nairobi aliniambia neno moja tu: "Nenda ukaitazame kama ipo."

Jumba lenyewe lilifunguliwa mwaka 1971, nalo liko karibu na stesheni kuu ya zamani. Wageni wengi hukimbilia behewa ambamo simba aliingia usiku huko Kima, mwaka 1900, akamchukua afisa wa polisi aitwaye Ryall aliyekuwa amelala ndani akimvizia simba huyo huyo. Nami nililitazama, siwezi kukana. Lakini nilikuwa na kazi nyingine, nikatoka uani kwenye injini.

Hapo yafaa niseme kidogo juu ya upana wa reli. Reli ya kwanza upande wa Mombasa ilianza kutandazwa mwaka 1890 na kampuni ya Waingereza, nayo ilikuwa na upana wa futi mbili tu. Haikufika mbali. Vyuma vyake vikaja kutumiwa mjini Mombasa kwa vigari vidogo vyenye paa la turubai, vilivyosukumwa na watu kwa mikono, abiria wakikaa kitako. Reli kubwa ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Hiyo ilipewa upana wa mita moja, kipimo kilichokwisha kutumika sana Bara Hindi, kwa hiyo injini ziliweza kupatikana huko. Huko pia walitolewa wafanya kazi karibu 32,000, na wapatao 2,500 kati yao walikufa kabla kazi haijamalizika.

Mita moja ni hatua moja ya mtu mzima. Twawezaje kuweka juu yake injini yenye nguvu ya kupandisha mzigo toka baharini hadi Nairobi, mwinuko wa futi zaidi ya 5,000? Mafundi walifanya hivi: walichukua tangi moja kubwa la kuchemshia maji, wakaliweka katikati, kisha wakalibeba kwa magari mawili ya magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja likigeuka peke yake. Hivyo uzito huenea juu ya magurudumu mengi, na injini hujipinda penye kona kama nyoka. Mwaka 1955 na 1956 zililetwa injini 34 za namna hiyo zilizotengenezwa Manchester, Uingereza. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, na hakuna injini ya mvuke iliyozishinda nguvu katika reli za mita moja duniani kote. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki.

Nikasoma majina. Zimebaki mbili tu. Ya kwanza ni "Mount Gelai," ya pili ni "Mount Shengena," na milima hiyo yote miwili iko Tanzania. "Mount Kenya" haipo. Lakini ilikuwapo: ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika orodha, nambari 5901. Baba mdogo hakupigwa na jua.

Nilipomletea habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akayataja majina ya wale waliomcheka, mmoja mmoja. Wengi wao wamekwisha kufariki.

Sasa, vijana, msidhani kwamba reli ya mita moja ni kitu cha makumbusho tu. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435, na mabehewa yake hayawezi kupita katika njia yetu. Mzigo wa kuja huku hauna budi kushushwa na kupakiwa upya. Njia ya Thika, Karatina, Kiganjo na Nanyuki ilibaki na kipimo chake cha kale, nayo ilitengenezwa tena mwaka 2020.

Nilipokuwa pale uani nilipima reli iliyo chini ya "Mount Gelai" kwa kamba, nikaikata. Juma lililofuata nilikwenda Kiganjo, nikaiweka juu ya njia yetu, ikaenea sawasawa, ukingo hadi ukingo. Kamba yenyewe ni hii. Nampa baba mdogo aishike kwanza, kisha ipitishwe kwenu.