Mchicha na Mnazi: Kwa Nini Mabaraza ya Bunge Hupewa Mihula Tofauti



Tarehe 15 Mei 1789, jijini New York, Katibu wa Seneti ya Marekani alikunja vikaratasi vitatu vya ukubwa mmoja, vyenye namba 1, 2 na 3, akavitia katika kisanduku. Maseneta waliokuwapo, ishirini kwa jumla, walikuwa wamekwisha kugawanywa makundi matatu, na kila kundi likatoa mtu mmoja wa kuliokotea. Tristram Dalton wa Massachusetts aliokota namba 1, na kundi lake likapata miaka miwili tu. Paine Wingate wa New Hampshire akaokota namba 2, miaka minne. John Langdon, naye wa New Hampshire, akabaki na namba 3, miaka sita kamili.

Neno letu "kura", kabla halijawa alama kwenye karatasi ya uchaguzi, lilikuwa na maana hiyo hiyo: kitu kinachookotwa ili bahati iamue. Maseneta wale walipiga kura kwa maana yake ya kale. Kisanduku chao kilianzisha utaratibu unaofanya kazi hadi leo. Seneti ya Marekani ina watu 100 na muhula wa miaka sita, lakini kila baada ya miaka miwili ni theluthi moja tu wanaorudi kwa wananchi. Wajumbe wote 435 wa Baraza la Wawakilishi hurudi kwa pamoja, kila miaka miwili.

Swali langu leo ni jepesi kulitamka. Wote ni watunga sheria, wote hula kiapo kwa katiba moja. Mbona huyu apewe miaka miwili na yule sita?

Hesabu hizo hazikuteremka kutoka mbinguni. Katika mkutano wa kuandika katiba hiyo, huko Philadelphia mwaka 1787, wajumbe walizibishania sana. Elbridge Gerry alitaka wawakilishi wachaguliwe kila mwaka, akiamini kwamba hiyo ndiyo kinga ya wananchi dhidi ya udhalimu. James Madison aliunga mkono miaka mitatu. Wakakutana kwenye miwili. Kwa upande wa Seneti, Alexander Hamilton alitaka maseneta wakae maisha yao yote mradi wana mwenendo mwema. George Read wa Delaware akapendekeza miaka tisa. Mwisho ikawa sita. Kila namba ilibeba hofu yake. Gerry aliogopa mtawala anayewasahau watu. Hamilton aliogopa watu wanaobadili nia kila upepo unapogeuka. Hofu zote mbili ni za kweli, na ndiyo sababu zilihitajika saa za aina mbili, muhula mfupi na muhula mrefu.

Akiitetea Seneti hiyo mwaka 1788, Madison alitoa hoja ambayo haijachakaa. Yako mambo ya serikali ambayo matokeo yake huonekana upesi. Yako mengine yanayotokana na hatua nyingi zinazofuatana kwa miaka. Baraza la muda mfupi haliwezi kudaiwa hesabu ya haya ya pili, kwa kuwa matunda yanapoonekana, waliopanda wamekwisha kuondoka.

Mkulima wa pwani anaijua hoja hii bila kusoma katiba yoyote. Mchicha hupandwa leo na kuvunwa baada ya wiki chache. Mnazi mrefu humkalisha mtu miaka sita au zaidi kabla hajaona dafu la kwanza. Ukimkodisha mtu shamba kwa msimu mmoja, usimlaumu kwa kutopanda mnazi. Lakini nyumba yenye njaa haiwezi kungoja nazi, na kwa hiyo mchicha nao una heshima yake. Bunge lenye mabaraza mawili hupanda vyote viwili.

Tazameni basi jinsi kazi zilivyogawanywa. Katiba ya Marekani inataka miswada ya kutoza kodi ianzie katika Baraza la Wawakilishi: anayerudi kwa wananchi mapema zaidi ndiye aanze kugusa mifuko yao. Kuidhinisha mikataba na mataifa ya nje na kuthibitisha majaji kumeachiwa Seneti, kwa sababu mkataba na jaji huishi kuliko uchaguzi mmoja.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mjumbe ambaye kila siku yu karibu na uchaguzi hushawishika kumbembeleza mwana. Muhula mrefu humpa nafasi ya kusema "hapana" leo, na wananchi wakapata muda wa kuona kama alikuwa sahihi.

Mataifa mengine yamefikia hekima hiyo kwa njia zao. Rajya Sabha, baraza la juu la India, haivunjwi kamwe; theluthi yake hutoka kila miaka miwili. Brazil huwapa wajumbe wa baraza la chini miaka minne na maseneta minane.

Sisi wa Afrika Mashariki nasi tulikuwa na hekima hiyo. Katiba ya uhuru ya Kenya ya mwaka 1963 iliunda Seneti ya watu 41, kwa muhula wa miaka sita, theluthi ikitoka kila miaka miwili. Mwaka 1966 Seneti hiyo ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Hakuna seneta hata mmoja aliyeimaliza miaka yake sita. Katiba ya 2010 ilirudisha Seneti, ila haikuirudishia saa yake. Mwaka 2017 na 2022, Jumanne moja ya Agosti, mpigakura alipokea karatasi sita, ya seneta na ya mbunge zikiwamo, na wote wakapewa miaka mitano. Seneti ina kazi kubwa ya kulinda kaunti. Lakini wimbi linalomleta mbunge ndilo linalomleta seneta, na ni vigumu wimbi kujizuia lenyewe.

Rwanda nayo ilianza mwaka 2003 na maseneta wa miaka minane, muhula mmoja usiorudiwa. Marekebisho ya 2015 yaliufanya muhula huo kuwa wa miaka mitano, unaoweza kurudiwa mara moja.

Mtaniambia kwamba muhula mrefu hulemaza. Ni kweli. Wafaransa waliwavumilia maseneta wa miaka tisa hadi sheria ya mwaka 2003 ilipoanza kuwashusha hadi sita. Kwa hiyo sitetei urefu peke yake. Natetea urefu wenye kikomo, unaoambatana na kutoka kwa zamu, huku hazina ikibaki kwanza mikononi mwa wale wanaorudi kwa wananchi upesi.

Wanafunzi wangu, baadhi yenu mtaitwa siku moja kuandika au kurekebisha katiba. Mtasikia watu wakibishana juu ya idadi ya viti na mishahara. Ongezeni swali la tatu: wanaondoka lini, na je, wanaondoka wote siku moja? Msikubali kufunga mjadala kabla hamjapata jibu lake.